Wagonjwa wa Dakika za Mwisho

Kisangani, Kabondo
tarehe 26 mwezi wa pili, 2024

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Malika,

Amani iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya paa lako. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Joto limetukausha, mto umeshuka mpaka mawe yanaonekana mgongo. Madina amefaulu mtihani wa nusu mwaka, sasa anatembea nyumbani kama mkaguzi wa shule. Paa la nyumba aliyotuachia papa tumelibadilisha mabati upande wa jikoni, maana mvua za Novemba zilikuwa zinapika pamoja nasi.

Nimesikia radi imepiga mnara wa simu huko Basoko, ndiyo sababu namba yako haipatikani. Bon, turudi kwenye karatasi kama enzi za papa. Hii nampa Cyprien, yule mwenye mashua ya mbao, baleinière ya rangi ya buluu. Anashuka mto kesho, naye ameniahidi kukukabidhi mkononi.

Kuhusu timu ya mpira ya papa: hatujashuka daraja bado. Siku ya Jumapili tarehe 18 tulicheza na vijana wa Kapalata, watu wenye vifua kama milango. Mechi ilisimamishwa kabla ya mwisho kwa sababu wachezaji wetu kadhaa waliumia, na komite ya mashindano imeamua irudiwe. Kwa hiyo matumaini yapo. Naona papa angefurahi. Huu ni mwaka wa kwanza timu inacheza yeye akiwa kaburini, na mimi kama kocha sikutaka ishuke mikononi mwangu.

Zuberi anakusalimu. Anapumzika, tumbo lilimsumbua kidogo. Safari hii hataandika.

Madina na wadogo zake wanakusalimu sana.

Mdogo wako,
Zakaria


Basoko
tarehe 15 mwezi wa tatu, 2024

Mdogo wangu Zakaria,

Barua imefika, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Waalaykum salaam kwako na kwa nyumba yako. Mfungo umetukuta na afya, ingawa moshi wa kukaushia samaki na kiu ni maadui wakubwa. Aruwimi inatupa samaki wadogo wadogo mwaka huu, unakausha kapu zima, jioni unabaki na kitu cha kushika kwa kiganja. Goti langu la kushoto linanisumbua asubuhi, mchana linanisahau.

Mwambie Madina shangazi yake amefurahi. Barua yako imeleta salamu za wote nyumbani, lakini haina za mkeo Ramla. Miaka yote Ramla ndiye anayeongeza maneno pembeni mpaka karatasi inakwisha. Anaumwa?

Na mwanangu Zuberi ana tumbo gani hilo linalomzuia kushika kalamu? Tangu nikupe umlee, baada ya baba yake kufariki, hajawahi kukosa kuniandikia, hata mistari mitatu ya kuomba samaki.

Sasa nisikilize. Juzi sokoni, kabla ya magharibi, watu walikuwa wameshuka kutoka Kisangani. Mama Pélagie, muuza makayabu na samaki wengine wa chumvi, unamjua kwa mdomo wake, alianza kutusimulia habari ya mjini. Akasema, “Mumesikia mechi ya wagonjwa?” Tukasema hapana. Basi alijiangusha chini palepale kati ya makapu, akashika mguu, akalia, “Dokta! Dokta! Nakufa!” Kisha akafungua jicho moja, akauliza, “Mechi imekwisha?” Soko zima lilicheka. Na mimi nilicheka, Zakaria, mpaka nikashika mbavu. Timu imefungwa matatu, anasema, wachezaji wakaanza kulala mmoja mmoja ili mechi ivunjike. Wa mwisho aliyeanguka, wenzake walimbeba mabegani kama bwana harusi.

Nikamuuliza timu gani. Akasema, “Si ile ya marehemu Mahmoudi wa Kabondo?”

Nilichukua kapu langu, nikaondoka. Sijui kama yeye alikumbuka kwamba mimi ni binti Mahmoudi.

Niambie. Ni kweli? Na huyo aliyebebwa ni nani?

Yaya wako,
Malika


Kisangani
tarehe 30 mwezi wa tatu, 2024

Yaya Malika,

Mungu akupe nguvu ya kumaliza mfungo, na goti lako alipe usahaulifu hata asubuhi. Huku mvua zimeanza. Ukuta wa msikiti wa mtaani umepigwa chokaa kwa ajili ya Idi, unawaka mpaka macho yanauma. Ramla haumwi. Ana kazi nyingi.

Wewe hujui mpira, na Mama Pélagie haujui zaidi. Timu inayoongoza nayo hulala chini ili saa ipite. Kipa anafunga kamba za viatu mara kumi, beki anaumwa na jani la mti, na hakuna anayekwenda sokoni kuwaigiza. Timu inayoshindwa ikitafuta njia yake, donc hapo ndipo watu wanacheka. Kanuni ya mashindano yetu ya mitaa inasema wazi: timu ikibaki na wachezaji chini ya saba kwa sababu ya kuumia, mechi inasimama na kurudiwa siku nyingine kutoka sifuri. Kanuni hiyo sikuitunga mimi.

Tumeshairudia. Tumeshinda moja kwa bila, Gédéon alifunga kwa kichwa. Tumebaki katika daraja letu. Watu wa Kabondo walipiga ngoma mpaka kwenye mlango wa nyumba ya papa.

Umeuliza aliyebebwa. Alikuwa Zuberi. Alianguka wa mwisho, vijana wakafurahi, ndiyo maana walimbeba. Basi. Bado anapumzika. Usiwape watu wa soko masikio yako.

Idi njema mapema.

Zakaria


Basoko
tarehe 17 mwezi wa nne, 2024

Zakaria,

Idi imepita. Tulichinja kuku wawili, nikapika pilau, majirani walikula. Mimi sikuwa na hamu.

Nilisubiri barua ya mwanangu, ikaja yako. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali ulipoona haya, sikupaona. Basi mimi ndiye nimeiona kwa niaba yenu nyote. Sasa sokoni watoto wakimwona mtu ameteleza kwenye matope wanasema, “Huyo amecheza Kabondo!” Mama Pélagie amejua mimi ni nani, amekuja kuniomba radhi. Kuombwa radhi kuliniuma kuliko kuchekwa.

Papa alianzisha ile timu kwa mpira wa matambara. Alifungwa mabao saba na watu wa Lubunga, akavuka mto na pirogi, akala fufu yake, akalala. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Hakuna aliyemcheka. Wewe uliyesoma, nieleze kitu kimoja: mtu mzima anayeshindwa, kwa nini asishindwe tu akarudi nyumbani? Kuna nini ndani ya dakika za mwisho kinachomfanya afanye yale ambayo asubuhi angeyakataa?

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo kwa Zuberi. Usimsomee. Mpe aisome mwenyewe. Nakuandikia na wewe hapa nilichomwambia, ili usidhani nakuficha:

“Zuberi mwanangu, nimesikia ulilala chini na huna kitu, ukabebwa kwa furaha. Baba yako alikufa akifanya kazi akiwa mgonjwa kweli, na hakulala mpaka miguu ilipokataa. Nimeona haya kuwa mama yako mbele ya watu. Usije Basoko likizo hii. Ukishajua kusimama, utakuja.”

Salamu kwa Ramla, hata kama hanisalimu.

Malika


Kisangani
tarehe 6 mwezi wa tano, 2024

Yaya Malika,

Sijui nianze na salamu ipi. Watoto wazima. Ramla mzima. Nilipoandika barua ya kwanza nilimwomba aongeze maneno yake pembeni. Alikuwa anachambua majani ya pondu, hakuinua kichwa. Akasema, “Mimi siweki salamu yangu ndani ya barua ya uongo.” Ndiyo kazi nyingi niliyokuambia.

Karatasi yako ilifika, nikakaa nayo mfukoni. Nilitaka kuichana. Lakini Madina alimwona Cyprien mlangoni, akamwambia Zuberi kuna neno la mama yake. Basi nilimpa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, shati wazi, kwa sababu kitambaa kikigusa mshono kinamkera. Aliisoma, akairudia, akaikunja. Akaniuliza mimi mjomba wake:

“Tonton, ulimwandikia mama nini?”

Niliinama kunyoosha pembe ya mkeka.

“Ulimwambia nilianguka?”

“Nilimwambia ulianguka.”

“Ni kweli,” akasema, “nilianguka.” Akacheka. Alicheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili, maana kucheka bado kunamuuma. Yaya, tangu papa afariki sijawahi kusikia kitu kilichonikata kama kicheko kile.

Umesoma neno mshono. Sasa soma yote.

Tulifungwa mawili kabla ya mapumziko, la tatu mapema kipindi cha pili. Josué alipandwa na hasira, akampiga mtu teke, akatolewa. Tukabaki kumi. Nilikuwa nimemaliza kuingiza wachezaji wa akiba. Nikafanya yale ambayo makocha wote hufanya: nikampeleka beki mrefu mbele, nikapiga kelele mpira urushwe tu juu, labda utamgonga mtu uingie. Haukuingia. Nikaangalia saa. Ndipo nilipokumbuka ile kanuni.

Uliniuliza kwa nini. Nimekaa na swali lako wiki nzima. Mtu anapoanza kushindwa bado anaona uwanja wote: huyu amechoka, yule ana kiu, jua linampiga kipa wetu machoni. Saa inapokwenda, uwanja unapungua. Kwanza unaacha kuona wapinzani. Kisha unaacha kuona mpira. Mwishoni unaona saa tu, na wachezaji wako mwenyewe unawaona kama vidole vya kuhesabia. Mimi nilikuwa na vidole kumi na nilihitaji vibaki sita. Na juu ya yote nilikuwa nasikia watu nyuma yangu wakisema, “Timu ya Mahmoudi imekufa na Mahmoudi.” Asubuhi ile ungenieleza nitakachofanya, ningekufukuza. Lakini asubuhi nilikuwa sijafungwa.

Nilimwita Assumani, kapteni, nikamnong’oneza. Alianguka vizuri sana, mpaka mimi nikashtuka. Kisha Issa. Kisha Gédéon, huyo hata hakungoja kuguswa. Walitolewa kwa machela. Tukabaki saba. Nikahitaji mmoja.

Zuberi alikuja kurusha mpira karibu na benchi letu. Nikamwambia, “Sasa wewe.”

Akasema, “Mimi siumwi, tonton.”

“Nani amekuuliza kama unaumwa? Anguka.”

“Tonton, mi siwezi kulala na sina kitu. Tucheze tu. Dakika zimebakia kidogo.”

Nilimtukana, Yaya. Nilimwambia anakula chakula changu na hawezi kunisaidia hata kwa kulala. Watu wa benchi walisikia. Yeye akarusha mpira, akarudi mahali pake, akaendelea kucheza. Kati ya watu wangu wote, mwanao ndiye aliyekataa.

Muda mfupi baadaye mpira ulipigwa juu. Aliruka na mshambuliaji wao, yule mtu akiwa mzito, na goti lake likamwingia Zuberi ubavuni kushoto, chini ya mbavu. Haikuwa kusudi, hata mimi naweza kuapa. Zuberi alitua kwa miguu yake, akatembea hatua chache, akakunjika. Na mimi nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisema moyoni, ametii. Nikakimbia kwenye mstari nikimpigia kelele, “Bien! Kaa chini! Usiamuke!”

Aliinua mkono. Nilidhani anaigiza vizuri.

Mwamuzi akaja, akatuhesabu, sita. Akapuliza. Vijana wakaruka, wale wagonjwa watatu wakaruka kuliko wote. Wakamwinua Zuberi, wakamweka mabegani, wakamrusha juu wakamdaka. Walimrusha, Yaya. Walipomshusha mbele yangu alinishika shati, akasema, “Tonton, tumbo.” Nikamjibu, “Imetosha sasa, mechi imekwisha.” Wote waliokuwa karibu walicheka.

Alipanda pikipiki nyuma yangu mpaka nyumbani. Nilimwacha uani, nikaenda kwa jirani kusimulia. Ramla ndiye aliyemkuta kando ya ndoo ya kutawadhia, midomo imekuwa myeupe, jasho baridi. Ramla hakuniita. Alisimamisha pikipiki ya taxi-moto, akamkumbatia katikati yake na dereva, wakaenda hospitali. Mimi nilifuata baada ya watoto kunitafuta.

Bandama ilikuwa imepasuka. Daktari alisema malaria za mara kwa mara huivimbisha, na unakumbuka Januari alikuwa na homa. Ikishavimba ni kama papai lililoiva, pigo moja linatosha. Walimpasua, wakaitoa. Walimwongeza damu, ya kwanza ilitoka kwa Ramla. Daktari aliniuliza, “Aliumia saa ngapi?” Nilipomjibu alinitazama sana, akaandika.

Yuko hai. Anatembea, anakula, ameanza kunenepa uso. Lakini mpira wa kugongana hataucheza tena, na homa yoyote ikimshika anatakiwa kukimbizwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Nilipokuandikia “tumbo lilimsumbua kidogo”, alikuwa bado na mpira wa kutoa maji ubavuni. Na nilipokuandikia tumeshinda mechi ya marudio, nilikuwa nimetoka kucheza ngoma.

Haya uliyoibeba sokoni si ya mwanao. Ni yangu. Nilimwachia yeye aibebe kwa sababu alikuwa amelala na hawezi kubisha.

Zakaria


Basoko
tarehe 21 mwezi wa tano, 2024

Zakaria,

Nimepata.

Napanda na Cyprien safari hii hii akishapakia mbao; barua hii inatangulia na mashua nyingine. Usinipokee bandarini. Mtume Ramla au nitafika peke yangu, nyumba ya baba yangu naijua.

Ile karatasi yangu ndogo, kama Zuberi bado anayo, mwambie Ramla aichukue aitie motoni kabla sijafika. Kama ameificha, asimlazimishe.

Malika


Kisangani
tarehe 22 mwezi wa saba, 2024

Yaya Malika,

Cyprien alisema mlifika Basoko salama, na kwamba Zuberi alikaa mbele kwenye baleinière siku zote akiwaonyesha abiria wageni vijiji kwa majina. Namshukuru Mungu. Madina alilia siku mbili baada ya ninyi kuondoka. Ramla ameanza kunijibu ninapouliza kitu, lakini haanzi yeye.

Ulipokuwa hapa uliniambia neno moja tu, “Nipishe,” ulipokuwa unabeba begi la Zuberi. Sikuja mpaka mtoni. Nilisimama nyuma ya ghala la mbao, nikawaona mkipanda. Ulishikilia mkono wake kama mtoto anayejifunza kutembea, naye akakuacha umshikilie, ingawa hakuhitaji.

Wiki ile ile nilikwenda kwenye komite. Walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanapanga ratiba ya msimu mpya. Niliomba neno. Niliwaeleza yote, kuanzia nilivyomnong’oneza Assumani. Mwenyekiti aliniuliza, “Kocha, unajua unachokisema?” Nikasema najua. Akauliza, “Na kwa nini sasa, mmeshashinda?” Nilisema tu kwamba mvulana aliyekataa amekwenda kwa mama yake na jina baya, na sisi tuliokubali tumebaki na ushindi.

Wamefuta mechi ya marudio. Matokeo yamerudi kama yalivyokuwa, matatu kwa bila. Timu ya papa imeshuka daraja, na mimi sitaruhusiwa kuongoza timu yoyote ya mtaa. Sikulalamika. Kilichoniuma ni vijana. Niliwaita uwanjani kuwaeleza. Nilidhani watanipiga, nilikuwa tayari. Hawakunipiga. Assumani alivua kitambaa cha ukapteni, akakiweka kwenye nyasi, akaondoka. Gédéon alikuwa analia. Josué ndiye aliyesema:

“Coach, ulitufundisha kulala. Leo umeamuka peke yako, umetuacha chini.”

Ana haki. Nilikwenda kwenye komite nikidhani nitarudi mwepesi. Nilisafisha jina la Zuberi, hilo nafurahi, lakini nimewachafua wengine waliokuwa wakinitii tu. Ningeweza kwenda nao, tukasimama pamoja. Sikufikiri. Hata katika kutubu nilikuwa naangalia saa.

Nikipita barabarani sasa, kuna mtu hujishika goti na kulia, “Dokta!” Napita. Jioni nakaa uani. Watu wa mtaa hawanitembelei sana, isipokuwa Issa, anakuja, anakaa, anakunywa chai, anaondoka bila kusema kwa nini amekuja.

Sikuombi kitu, Yaya. Nataka tu kujua kama anapata usingizi, na kama homa haijamgusa.

Mdogo wako, kama bado naruhusiwa kuliandika neno hilo,
Zakaria


Basoko
tarehe 13 mwezi wa nane, 2024

Zakaria,

Salamu kwako, kwa Ramla, kwa Madina na wadogo zake. Sisi tuko salama. Mnara wa simu umesimamishwa upya lakini unashika upepo tu. Samaki wamerudi kidogo, wale wakubwa wa masharubu, nimekausha mpaka macho yamekuwa mekundu. Zuberi analala. Homa ilimgusa mara moja mwezi uliopita, nilimpeleka kabla hata hajamaliza kusema “mama, nasikia baridi”. Walimchoma sindano, ikaisha. Anapima samaki wangu kwenye mizani na kuwagombeza wateja, sauti yake imerudi.

Habari ya komite imefika sokoni kabla ya barua yako. Mama Pélagie ndiye aliyeileta, akaisimulia kwa sauti ileile aliyotuchekeshea, lakini safari hii amesimama. Alisema mbele ya wote, “Yule aliyeanguka wa mwisho alikuwa anakufa kweli.” Mmoja mmoja watu wakaja kumshika Zuberi mkono. Alichukia. Aliniambia, “Mama, waambie waache, mimi si maiti.”

Sasa nikueleze langu. Wewe ulimpigia kelele kwenye mstari, na mimi nilimpiga kwa karatasi. Nilimwamini Mama Pélagie, nikakuamini wewe, nikamwacha mtoto niliyemzaa. Nilijua tabia yake. Ningejiuliza tu, Zuberi huyu anaweza kulala chini bila kitu? Ningejua hapana. Sikujiuliza, kwa sababu soko lilikuwa linacheka na mimi nilitaka kicheko kikome. Naona na mimi nina dakika zangu za mwisho.

Nilimwomba radhi ndani ya baleinière, mbele ya Cyprien, maana nilijua nikifika nyumbani nitapata sababu ya kuchelewa. Alinisikiliza. Akasema, “Goti la yule mutu liliniuma mara moja, mama. Ile barua nilikuwa naisoma kila siku.” Ile karatasi hakumpa Ramla. Iko kwenye mfuko wa shati lake. Sijamwomba tena.

Nimemsomea barua yako, yote, hata mahali pa ghala la mbao. Alikuwa anachonga mti wa kukaushia samaki. Kuhusu komite alisema, “Sawa.” Kuhusu timu kushuka alisikitika kuliko nilivyotegemea, akamtaja Josué, akasema Josué angewaokoa kama asingekuwa na hasira. Mwisho akaniuliza jambo, nami nakuandikia kama alivyolisema:

“Nilipokuwa chini nilimwangalia tonton usoni. Yeye alikuwa anaangalia refa. Mabegani nilimwangalia, alikuwa anaangalia watu. Nyumbani aliniteremsha, hakugeuka. Mama, muulize, kama angeniangalia hata mara moja, angejua?”

Jibu lako mimi sitalibeba kwenye karatasi.

Cyprien anashuka tena mwisho wa mwezi. Njoo naye. Sikuambii nimekusamehe, wala sikuambii kwamba yeye atakusamehe. Njoo ukae mbele ya mwanangu, umtazame usoni, umjibu.

Malika